Ufunguo wa Tangi la Shule

Shule zinapofunguliwa, mzazi hupewa orodha ndefu ya mahitaji: karo, sare, godoro, ndoo, viatu vya michezo. Hukagua risiti zake mara mbili, akamuaga mwanawe na kwenda zake. Ni nadra mno kumsikia akimwuliza mkuu wa shule tangi la maji lilioshwa lini, na ufunguo wake unakaa kwa nani. Walimu nao hawaulizi.

Naliona swali hilo kuwa zito kuliko la godoro. Mwezi wa Aprili 2023, Shule ya Upili ya Wasichana ya Mukumu katika Kaunti ya Kakamega ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua, na baadhi yao, pamoja na mwalimu, wakafariki. Vipimo vya serikali vilitaja bakteria ambao hutoka katika kinyesi na kuingia katika maji na chakula. Baada ya msiba huo nchi nzima ilizungumza juu ya majiko na visima, na ilikuwa haki. Hata hivyo, safari ya maji baada ya kutoka kisimani au katika mfereji mkuu wa mji haikuzungumzwa vya kutosha. Maji yaweza kuingia langoni yakiwa safi, yakamfikia mtoto bwenini yakiwa na maradhi.

Inafaa ieleweke kwamba klorini inayotiwa na idara ya maji haidumu. Hupungua nguvu kila siku maji yanapokaa, na hupungua upesi zaidi penye joto na penye tope. Ndani ya mabomba makuukuu hujijenga ukoga, yaani utando wa utelezi kama ule unaoushika mtungi usiosuguliwa. Humo bakteria hujibanza hata dawa hafifu isiwafikie. Wakati wa likizo, mifereji isipofunguliwa kwa majuma kadhaa, klorini huisha kabisa na wao huongezeka bila bughudha. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki ki ndani ya ukuta wa nyumba yako.

Isitoshe, kuna mgao wa maji. Watu wengi hudhani kwamba mfereji uliokauka hauna madhara ila usumbufu. La hasha! Nguvu ya maji inapotoweka, bomba lenye ufa hufyonza kilicho nje yake, na kama karibu yake umepita mtaro wa maji taka, basi hicho ndicho kifyonzwacho. Mpira wa maji ulioachwa umezama ndani ya beseni la kudekia hufanya vivyo hivyo. Maji yanaporudi, yale ya kwanza hubeba uchafu huo moja kwa moja hadi tangini.

Kuna ugonjwa mwingine ambao haufahamiki sana kwetu. Mwezi wa Julai 1976, wanajeshi wastaafu wa Marekani walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Siku chache baadaye wengi wao waliugua homa kali na kichomi. Walioshikwa walipita 200, na watu 34 wakafa. Wataalamu walihangaika kwa miezi, hata wakashuku sumu, mpaka Januari 1977 Joseph McDade, mtafiti wa kituo cha kudhibiti maradhi cha Atlanta, alipowatambua bakteria ambao baadaye waliitwa Lejionela. Hawa kwa kawaida hawamwingii mtu kwa kunywa. Huvutwa mapafuni pamoja na matone madogo mno yanayorushwa na bafu au mitambo ya kupooza hewa. Hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 45, na hufa yanapopita 60. Dawa za jamii ya penisilini haziwafanyi lolote, na hiyo ndiyo sababu daktari asiyewashuku huweza kumpoteza mgonjwa huku akimtibu.

Msomaji wa Mombasa au Garissa na akumbuke joto la tangi jeusi lililoanikwa juani, kisha apime mwenyewe.

Mwaka 2020 ulitupa funzo ambalo sidhani tulilisoma. Shule zetu zilifungwa mwezi wa Machi. Baadhi ya madarasa yakarejea Oktoba, na wanafunzi waliosalia Januari 2021. Tuliambiwa tununue barakoa na sabuni, nasi tukanunua. Lakini ni shule ngapi zilizomwaga maji yaliyokuwa yamelala mabombani? Agosti ya mwaka huo, taasisi ile ile ya Atlanta ilifunga baadhi ya ofisi zake za kupanga baada ya Lejionela kupatikana katika maji ya majengo yaliyokaa bila watu. Ikiwa waliowagundua bakteria hao walivamiwa nyumbani kwao, sisi tuna kinga gani?

Nitaambiwa kwamba shule hazina fedha na kwamba za serikali huchelewa. Nakubali kwamba huchelewa. Ila kazi ninayoizungumzia haihitaji zabuni. Tangi la lita 10,000 likishamwagwa, kusuguliwa na kujazwa tena, hutiwa klorini ya miligramu 50 kwa kila lita, yaani gramu 500. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 utahitajika gramu 770 hivi, pungufu ya kilo moja. Mifereji yote hufunguliwa mpaka harufu ya dawa isikike, kisha hufungwa kwa saa 24, na mtu yeyote asinywe. Baadaye maji hayo humwagwa na tangi kujazwa upya. Kazi ya kuingia tangini ni ya fundi mtu mzima, mwenzake akiwa mdomoni pa tangi akimwangalia, kwa maana hewa ya mle huweza kuua. Si adhabu ya kumpa mwanafunzi aliyechelewa gwarideni, kama wafanyavyo baadhi ya walimu wa zamu.

Hesabu hiyo ya klorini inamfaa sana mwanafunzi wa kidato cha pili, na afadhali aifanye kwa tangi la shule yake kuliko kwa tangi la kubuni la kitabuni. Kila asubuhi, chama cha sayansi kichukue maji kwenye bomba lililo mbali kabisa na tangi, kitie kidonge cha kupimia na kulinganisha rangi ya waridi inayotokea. Klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Ikipungua, mkuu wa shule aambiwe siku hiyo hiyo, na maji ya kunywa yachemshwe. Matokeo yaandikwe kwenye karatasi na kutundikwa bwaloni, si ofisini, ili hata mtoto wa kidato cha kwanza aone klorini ya leo ilikuwa kiasi gani kabla hajakinga kikombe chake.