Pato la taifa na haki ya maskini

 Leo tunapenda kuzungumzia jambo lililosemwa sana nchini mwetu, lakini ambalo kwa maoni yetu halijawekwa katika mizani yake.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliihesabu Tanzania miongoni mwa nchi za uchumi wa kati, daraja la chini. Pato la taifa kwa kila mtu lilikuwa dola 1,020 mwaka 2018, likafikia dola 1,080 mwaka 2019, na kiwango cha kuingilia daraja hilo kilikuwa dola 1,036. Dira ya Taifa ilikuwa imelitarajia hilo ifikapo 2025. Hiyo ni neema, na neema hushukuriwa.

Lakini tuulizane, hesabu hiyo hupatikanaje? Huchukuliwa mapato yote ya taifa, yakagawanywa kwa idadi ya watu wote. Tuchukue mfano wa watu kumi. Mmoja ana shilingi milioni 10, na tisa waliosalia kila mmoja ana laki mbili. Wastani wao ni shilingi 1,180,000. Ni nani katika wale tisa aliyezitia mkononi fedha hizo? Na mwakani yule mmoja akipata milioni 12, wastani utapanda, ilhali tisa wako pale pale.

Mwaka 2007 Watanzania asilimia 34.4 walikuwa maskini wa mahitaji ya msingi. Kufikia 2018 walikuwa asilimia 26.4. Hiyo ni kheri. Hata hivyo, kwa kuwa watu wameongezeka, idadi ya maskini ilikadiriwa kupanda kutoka milioni 13 hadi milioni 14. Hao ni wale ambao matumizi yao hayakufikia shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima.

Hapa ndipo dini yetu inapotupa somo. Zaka haihesabiwi kwa wastani. Kila ambaye mali yake imefikia nisabu na kupitiwa na mwaka hutazamwa yeye mwenyewe, naye hutoa asilimia 2.5 ya fedha zake. Fukara naye hutazamwa yeye mwenyewe, wala haki yake haiondoki kwa sababu jirani yake ni tajiri. Suratul Hashri, aya ya 7, inatuonya juu ya mali kubakia katika mzunguko wa matajiri.

Rai yetu kwa viongozi ni hii: kila linapotangazwa pato la taifa, itangazwe pamoja nalo idadi ya waliobaki chini ya mstari wa umaskini. Nasi wenye maduka na akiba tusisubiri tangazo hilo. Kabla ya kulifurahia pato la taifa au kulibishia, kila mmoja wetu afungue daftari lake, ahesabu kilicho chake na kilicho cha maskini.