Usalama wa Mgeni Usiwe Kisingizio cha Kutuziba Vinywa

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa Malava tumeishi na wageni miaka mingi kando ya barabara iendayo Webuye kutoka Kakamega. Wamekuja wahubiri, walimu wa kujitolea, mafundi wa mitambo ya sukari, wachuuzi kutoka Uganda, na watafiti wanaofuata ndege na miti ya msitu wetu. Lakini kila siasa inapochafuka nchini, watu wawili husimama kumsemea mgeni bila kumwuliza lolote, nao ni mwandishi wa habari na mtawala. Wa kwanza humtisha, na wa pili humfanya ngao yake.

Tuanze na mwandishi. Uchaguzi mdogo wa eneo bunge letu, tarehe 27 Novemba 2025, ulitangazwa nchi nzima pamoja na habari za ghasia zake. Hatukani kwamba ghasia zilikuwapo, wala hatuwaombi wanahabari wazifiche. Tunachosema ni kwamba picha ya moshi haionyeshi mipaka yake. Aliye London au hata Mombasa akiiona hawezi kujua kama ni njia panda moja au tarafa nzima, wala kama ni saa moja au juma zima. Hata jina lenyewe humchanganya, kwa kuwa Malava yetu ya Kakamega na Malaba ya mpakani hutofautiana kwa herufi moja tu. Habari isiyotaja mahali, saa na kiasi haimlindi mgeni. Humtia hofu tu, na hofu haimwelezi apite njia ipi.

Hofu hiyo pia huficha anayeumia hasa. Mwezi wa Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi na kivuko cha Likoni. Watu zaidi ya 100 waliuawa katika machafuko yaliyofuata, na maelfu kwa maelfu wakahama makwao. Dunia ilihesabu vitanda vya hoteli vilivyobaki vitupu. Lakini waliolengwa hawakuwa watalii wa ufukweni. Walikuwa watu wa bara, Waluhya wenzetu wakiwamo, waliokuwa wakifanya kazi katika hoteli hizo na bandarini. Walikuwa raia wa Kenya, wakaitwa wageni ndani ya Kenya.

Yakawa vivyo hivyo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha, wengi wao wakisakwa kwa sababu ya kabila kwa neno lile la aibu, madoadoa. Balozi ziliwaonya raia wao, nao watalii wakaahirisha safari. Madereva wa malori kutoka Uganda na Rwanda walikwama barabarani, na mafuta yakaadimika hadi Kampala na Kigali. Hao nao walikuwa wageni, ila hawakuwa wageni wa kupigwa picha.

Sasa tumgeukie mtawala. Wakati wa chama kimoja tuliambiwa kwamba vyama vingi vitaleta vita vya makabila, na kwamba anayedai mageuzi anaharibu jina la nchi mbele ya wageni. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, lakini hoja ile haikufutwa pamoja nacho. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 25 Juni 2025, wananchi walipowakumbuka vijana waliouawa mwaka mmoja kabla, amri ya namna hiyo ilitolewa tena, na vituo vikazimiwa mitambo mpaka Mahakama Kuu ilipoisimamisha. Kila mara tunaambiwa kwamba ni kwa ajili ya utulivu. Twauliza, ni utulivu wa nani? Habari ikizimwa, uvumi hushika usukani, na uvumi ndio humwua mgeni upesi kuliko wote, kwa sababu hana lugha ya kuupima wala ndugu wa kumwuliza.

Wasiotuamini na watazame ng'ambo ya mpaka wa kusini. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, intaneti ilizimwa, na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam. Siku hiyo wageni tulikuwa sisi. Wakenya wengi hufanya kazi huko, na jamaa zao walibaki wameshika simu zisizopokelewa. Mtu aliyepitia usiku wa namna hiyo hawezi tena kuambiwa kwamba ukimya ni ulinzi. Afadhali habari mbaya inayotaja mtaa kuliko giza lisilotaja kitu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Wanahabari wasipunguze habari, bali wazikamilishe kwa kutaja mahali, saa na barabara zilizo wazi, na warudi kesho kueleza kama moto umezimika. Serikali isimtumie mgeni kuwa sababu ya kuzima mitambo, maana mgeni yule yule ndiye anayehitaji habari zaidi. Na vyama vyote, cha serikali na vya upinzani, viwakane hadharani vijana wanaokodishwa kutisha watu.

Lakini sehemu kubwa ni yetu. Usiku wa ghasia hakuna ubalozi unaofika Malava. Anayefika ni liguru wa kijiji, mama wa kibanda cha chai, na mwendeshaji wa bodaboda anayejua njia ya kupitia mashamba ya miwa. Hao ndio ulinzi wa kila siku, nao hawapigwi picha. Basi kila mmoja wetu amjue mgeni aliye karibu naye kabla ya kura, awe Mzungu mtafiti, Mganda mchuuzi au Mkenya wa kabila jingine aliyepanga chumba sokoni. Tukimlinda huyo wa mwisho, wale wengine watakuwa salama pia. Tukimwacha huyo, hakuna onyo la ubalozi litakalotuokoa sisi wenyeji.