Zimeni Flashi, Watoto Wanacheza!

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927, na hapa Kisumu watoto wa shule za msingi bado wanatuchezea dodo na ohangla. Lakini wapiga picha, jamani! Ukumbini taa ni hafifu, basi kila mzazi anawasha flashi ya simu. Mwanga huo haufiki mbali. Unaangaza visogo vya walioketi mbele tu. Mtoto naye ukimpiga machoni anaweza kukosa hatua, na kundi zima likapoteza alama.

Naonelea flashi zizimwe. Gizani kamera hukawia kufunga jicho, ndiyo maana mguu unaoruka hutoka kama moshi. Sogea karibu, egemeza mikono, ngoja ngoma isite, ndipo ubonyeze. Subira huvuta heri.