Neno la Mhariri: Ubaguzi Unapoingia Ofisini

Kudhaniana vibaya kupo karibu kila mahali ambapo makabila yanaishi pamoja. Mkulima humwona mfugaji kuwa mharibifu, mfugaji humwona mkulima kuwa mchoyo wa ardhi, na mwenyeji humtilia shaka mgeni. Dhana hizi zikiachwa zilivyo, mara nyingi huishia kwenye utani na masimango. Hatari huja zinapopewa mhuri, yaani zinapoanza kuamua nani apate shamba, nani aingie jeshini, nani asome na nani aitwe raia. Hoja ya toleo hili ni kwamba dhana mbaya hugeuka umwagaji damu kwa kupitia ubaguzi wa vyombo vinavyogawa haki na mali.

Mkoa wa Katavi umeyaona matokeo yake kwa karibu. Baada ya uhuru wa Burundi mwaka 1962, jeshi na serikali viliangukia mikononi mwa Watutsi wachache, na Wahutu wakasukumwa kando. Aprili 1972 Wahutu waliasi kusini mwa nchi na kuwaua Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ililipiza kisasi nchi nzima, ikiwasaka kwanza Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali na askari. Waliouawa wanakadiriwa kuzidi 100,000. Wasomi walilengwa kwa kuwa elimu ndiyo iliyokuwa njia ya kufikia madaraka, na madaraka yalikuwa yamekwisha kufungwa kwa misingi ya kabila. Makumi ya maelfu ya walionusurika walikimbilia Tanzania, na wengi wao wakapelekwa wilaya ya Mpanda, katika eneo ambalo sasa ni Katavi, kwanza Katumba, kisha Mishamo iliyofunguliwa mwaka 1978.

Rwanda ilifika kwenye umwagaji damu kwa kutumia karatasi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji ulianza kutoa vitambulisho vilivyotaja kabila la kila mtu. Tofauti kati ya Wahutu na Watutsi, iliyoweza kubadilika kwa mali na ndoa, ikawa alama ya kudumu. Kuanzia 1993, redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, vitambulisho vilivyotumika kugawa nafasi za shule na kazi vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe. Takriban watu 800,000 waliuawa ndani ya miezi mitatu. Nchini Kenya chanzo kikubwa kilikuwa ardhi. Malalamiko ya muda mrefu kuhusu mgao wa mashamba katika Bonde la Ufa yalichochewa na wanasiasa, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahamishwa makwao.

Mpangilio wa mambo unafanana. Watu huhesabiwa kwa makundi, fursa hugawanywa kwa hesabu hiyo, kisha mwenye maslahi huyageuza manung'uniko kuwa hofu. Tanzania ilijaribu kuikata njia hiyo mapema. Mamlaka ya machifu yaliondolewa mwaka 1963, swali la kabila halijaulizwa katika sensa tangu 1967, na sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 1992 inakataza chama cha kikabila. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, na inalitaja kabila waziwazi.

Hata hivyo sheria peke yake haitoshi. Mwaka 2010 Tanzania ilikubali kuwapa uraia zaidi ya Warundi 162,000 waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao, uamuzi wenye mifano michache duniani. Lakini vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014 tu, na kwa muda mrefu ilitarajiwa kwamba wangehamishiwa mikoa mingine. Katika miaka hiyo watu walikuwa wameukana uraia wa Burundi bila kuwa na hati ya Tanzania mkononi. Ucheleweshaji wa namna hiyo huwapa nguvu wanaotaka jirani aendelee kuitwa mkimbizi.

Katika bonde la Rukwa, pande za Kibaoni na Usevya, hatari ya kabila kuamua haki hujitokeza kwa sura nyingine. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma wameingia na ng'ombe wao katika nchi ya Wapimbwe wakitafuta malisho, huku Hifadhi ya Taifa ya Katavi ikiweka mpaka wa ardhi inayoweza kulimwa au kulishwa. Ng'ombe wakila mahindi, shauri likiamuliwa kwa ushahidi na fidia, linabaki kuwa shauri la mahindi. Likiamuliwa kwa kuuliza mlalamikaji ni wa kabila gani, linakuwa shauri la kabila, na aliyeshindwa hubeba kinyongo cha ukoo mzima.

Kwa hiyo kinga dhidi ya mgogoro wa kikabila haianzi mkutano wa amani unapoitishwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeukabidhi usimamizi wa ardhi kwa halmashauri ya kijiji, na usuluhishi kwa baraza la ardhi la kijiji. Daftari la ardhi linaloweza kusomwa na kila mwanakijiji, wajumbe wanaotoka pande zote, mpango wa matumizi ya ardhi unaotaja mashamba na mapito ya mifugo, na vyeti vinavyotolewa kwa wakati huinyima dhana mbaya nafasi ya kugeuka amri.