Makamo si Uzee

Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, nataka niseme kidogo juu ya neno moja ambalo naona tunalipoteza: makamo.

Asili yake ni Kiarabu, maqaam, yaani mahali pa kusimama, au daraja. Ndilo lile mnalolisoma katika Suratul Baqara aya ya 125, Maqaamu Ibrahim. (Darasani wengi wenu huandika "makamu". Huyo ni naibu, kama Makamu wa Rais. Maneno ni ndugu, lakini maana mbali.) Basi mtu wa makamo si mtu anayekwisha, bali ni mtu aliyesimama mahali pake.

Sasa sikilizeni tunavyosema. Mtu wa miaka arobaini akigombea cheo ni kijana, akiambiwa akasome ni mzee! Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inaishiliza ujana katika miaka 35. Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016, hupewa aliyefika miaka 70. Baina yao ipo miaka 35 mizima. Hiyo haina jina?

Mwaka mmoja nilimwomba mzazi mmoja hapa Wambaa, umri wake miaka 42, aje darasa la jioni aanze alifu, be, te. Mwanawe keshafika Juzuu Amma, naye baba hajui kuunga herufi. Akacheka: "Mwalimu, mie nishazeeka." Wiki ile ile nikamwona juu ya mkarafuu, kashika tawi kwa mkono mmoja, anachuma kwa mwengine. Mzee gani huyo?

Sikatazi kumwita baba "mzee", hiyo ni heshima. Nakataza neno kugeuzwa udhuru. Mtume wetu (SAW) alipoteremshiwa Iqra alikuwa na miaka 40. Na Suratul Ahqaf aya ya 15 inautaja umri huo huo, pamoja na dua ya kushukuru neema aliyopewa mtu na wazazi wake, na kuombea kizazi chake. Tazameni alivyo: wazazi nyuma yake, watoto mbele yake, yeye kasimama katikati. Hayo ndiyo makamo.

Yule mzazi hajaja bado. Lakini juzi mwanawe kaniambia kuwa akisoma nyumbani usiku, baba humsahihisha kwa kusikia tu, bila kutazama msahafu. Nafasi yake jamvini ipo.