KONA YA MIKONO YETU: Picha Ibaki na Jina Lake

Mwezi huu nawaandikia nikiwa Nagongera, hapa Tororo, nilikokuja kumwona dada yangu. Sisi tuliovuka Busia na Malaba Januari 2008 hatuwezi kusahau upande huu. Tuliwekwa Mulanda, si mbali na hapa, kabla ya kupelekwa Kiryandongo mwaka uleule. Dada aliolewa akabaki. Kijana wake siku hizi anaandika mabango ya maduka, na jioni anachora picha zake mwenyewe.

Wacha niwaambie yaliyompata, maana yanahusu watoto wengi kwetu.

Kulikuwa na mnunuzi mmoja anayepita kila mwezi. Anachukua picha tano au sita, kila moja shilingi 5,000, anaenda nazo Busia. Kijana anafurahi, si ni pesa ya sabuni na chumvi? Siku moja akaenda Busia kununua rangi, akaona picha yake imetundikwa dukani. Bei ni 40,000. Na pale pembeni chini alipoandika jina lake, pamepakwa rangi nyeusi. Alirudi akamwambia mama yake, "Bei imeniuma, lakini jina limeniuma zaidi." Dada akamwambia aache hiyo kazi kabisa, atafute pikipiki ya boda.

Sikumlaumu dada. Hata mimi niliwahi kumchapa wangu nilipokuta amechora ukutani na makaa. Lakini usiku ule tulikaa watatu, nikawasimulia habari ya Mzee Tingatinga.

Mzee Tingatinga alianzaje?

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alitoka kwao kutafuta kazi, akapitia mashamba ya mkonge Tanga, mwisho akafika Dar es Salaam. Shule ya kuchora hakuisoma. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora wanyama, ndege na watu juu ya vipande vya hadibodi, zile mbao nyembamba za kupigia dari, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Vitu vya bei rahisi tu. Picha zikauzwa huko Oyster Bay, wanakokaa wageni.

Sasa sikilizeni vizuri. Kazi ilipoanza kuingiza pesa, hakuificha. Alikusanya vijana wachache, wengi ndugu zake, akawafundisha. Kati yao walikuwa Omari Amonde na January Linda. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa, akafa. Alikuwa amechora miaka kama minne tu. Mtu angesema mambo yameisha. Lakini wale wanafunzi walibaki pamoja, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 kikundi kikaandikishwa kuwa ushirika wa wachoraji. Ndio maana hata leo watu wakiona picha za aina hiyo wanasema, "Hii ni Tingatinga." Kama angekuwa anauza peke yake bila kufundisha mtu, sidhani tungelijua jina lake.

Kijana wa dada akauliza, "Na wale wa mabango kama mimi?" Nikamwambia wapo. Kibera, Nairobi, mwaka 2001, waandika mabango wawili, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha kikundi cha Maasai Mbili. Walipata nyumba yao palepale mtaani, wakachora humo na kuonyesha kazi humo, na vijana wengine wakajiunga. Wakati wa zile fujo zilizotufukuza sisi, mmoja wa kikundi hicho anayeitwa Solo7 alizunguka Kibera akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta na mabati. Kumbe mwandika mabango naye ana neno la kuwaambia watu.

Ushirika wa picha unaendaje?

Watu wengi wanafikiri ni kuchanga pesa tu. Hapana. Angalieni hivi:

1. Ukuta ni wa wachoraji wenyewe. Inaweza kuwa nyumba, kibanda, au ukuta wa fundi seremala mliomwomba. Anayeuza anauza kwa niaba ya wote.

2. Kila picha ina jina la aliyeichora, mbele au nyuma, na imeandikwa kwenye daftari pamoja na bei.

3. Picha ikiuzwa, mwenyewe anapata sehemu kubwa, na sehemu ndogo inaingia sanduku la wote. Tuseme picha ni 40,000 na mmekubaliana sehemu moja ya tano. Sanduku linapata 8,000, mchoraji 32,000. Za sanduku ni rangi, mbao na kodi.

4. Sanduku liwe na funguo mbili kwa watu wawili. Hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Ushirika mwingi hauvunjwi na adui, unavunjwa na daftari lisilosomwa.

5. Kila mkubwa ashike mdogo mmoja. Mwanafunzi anaanza kwa kupaka rangi ya nyuma, halafu anajaza mistari ya mwalimu, halafu anachora yake. Akifika hapo, jina liwe lake na pesa iwe yake. Mwalimu anayeweka jina lake kwenye kazi ya mtoto hana tofauti na yule mnunuzi wa Busia.

Niongeze jambo moja. Tembo akiuzwa leo, kesho kila mtu anachora tembo. Mwalimu mzuri anamuuliza kijana, "Wewe umeona nini ambacho mimi sijakiona?" Watoto wetu wameona mengi njiani. Wachore hayo.

Sheria je? Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Ushirika rasmi unataka watu wengi, lakini mnaweza kuanza kama kikundi kidogo. Muulizeni afisa wa maendeleo ya jamii namna ya kuandikisha.

Na yule kijana?

Wako wanne sasa, pamoja na binti mmoja wa jirani mwenye mkono mzuri kuliko wote. Fundi seremala amewapa ukuta mmoja. Wamenunua daftari. Wiki iliyopita yule mnunuzi alikuja, akaambiwa bei ni 25,000 na jina halifutwi. Akakasirika, akaenda zake. Siku tatu ndani ya nyumba hapakuwa na sabuni, na dada akaanza kunung'unika tena. Siku ya nne mwalimu mmoja alipita akanunua picha moja. Sanduku lilipata 5,000, ileile bei ya picha nzima ya zamani. Dada alizihesabu mara mbili, akanyamaza.

Mzazi mwenzangu, ukikuta makaa ukutani, kabla hujachukua fimbo, muulize mtoto amechora nini. Halafu mtafutie karatasi.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kusuka mikeka. Tukutane hapo, Mungu akitujalia uzima.