Liacheni Dodoki Letu

Bango lipo kwenye kituo cha bomba karibu na kwetu, na lingine lipo kwenye ukuta wa zahanati. Karatasi ngumu, rangi nzuri. Kushoto limechorwa dodoki, kahawia, na juu yake alama nyekundu ya X. Kulia kuna wavu wa nailoni wa bluu wenye alama ya vema ya kijani, na mwanamke anayetabasamu, povu limemjaa mabegani. Maneno ni mawili tu: "Oga kisasa."

Nimelisoma bango hilo kila siku nikisubiri ndoo ijae, na kwa jinsi maji yetu yanavyotoka, muda wa kulisoma ninao mwingi. Sasa ninalijibu. Shirika lililolileta sitalitaja. Wanajijua, na najua baadhi yao wanasoma jarida hili.

Kwanza tuelewane tunazungumza kitu gani, maana vijana wengi waliozaliwa hapa Nyarugusu wanalijua dodoki likiwa limekauka sokoni tu, wanadhani linatoka kiwandani. Dodoki ni tunda. Ni ndugu wa tango na boga. Mdodoki unatambaa kwenye uchaguo au uzio, unatoa maua ya njano ambayo nyuki wanayapenda sana, halafu tunda linaning'inia. Likiwa changa unalipika kama mboga, na ni mboga nzuri ukiweka karanga. Ukiliacha likomae mpaka ganda liwe la kahawia na mbegu zilie ndani ukilitikisa, basi nyama yote imeisha na umebaki mtandao wa nyuzi. Unalimenya, unalikung'uta mbegu, unaliosha ute wote utoke, unalianika. Tangu kupanda mpaka kuoga ni miezi minne au mitano hivi, pengine sita. Jina la kisayansi ni Luffa, na neno hilo limetoka kwenye Kiarabu. Waliokulia Uganda wanasema ekyangwe. Kabla ya Vita Kuu ya Pili madodoki yalitumika kama vichujio kwenye mitambo ya meli za Marekani, na mengi yalinunuliwa Japani. Kitu kilichoaminiwa na wanamaji kwenye injini leo hakiaminiwi mgongoni mwa bibi wa Fizi.

Nilienda kwenye kikao cha usafi kuuliza sababu. Mhamasishaji, kijana mpole tu, akasema: linafuga vijidudu.

Ni kweli. Sikatai. Mwaka 1994 watafiti wa New York walichapisha utafiti wao kwamba dodoki lenye unyevu linaweza kukuza bakteria na kuwapeleka kwenye ngozi, wakiwemo wale wanaoleta vipele kwenye vinyweleo. Vipande vya ngozi iliyokufa vinabaki kwenye nyuzi, maji yapo, joto lipo, bakteria watake nini tena? Lakini watafiti hao hawakusema litupwe. Walisema litiwe dawa ya klorini mara kwa mara. Klorini! Dawa ambayo mashirika haya haya yametufundisha kuitumia miaka na miaka, kila kipindupindu kikisikika mahali. Kwa maji ya kunywa tumefundishwa kuua vijidudu. Kwa dodoki tunafundishwa kuua dodoki.

Na huo wavu wa bluu, ukining'inizwa kwenye bafu la turubai lisiloingia jua, hauna vijidudu? Ninakubali nailoni inakauka upesi kuliko dodoki. Hiyo ni hoja ya kweli na ningependa ingeandikwa kwenye bango, maana hapo tungeongea kama watu wazima. Jibu lake ni kwamba tatizo ni unyevu, na unyevu dawa yake ni jua, na jua hapa Kasulu hatupangiwi mgao. Dodoki likikamuliwa na kuanikwa kwenye kamba nje, kiangazi linakauka kabla ya chakula cha mchana. Masika ni kazi zaidi, ndiyo, unalipeleka juu ya jiko. Likianza kunuka au kuwa laini kama uji, tupa, lingine lipo kwenye uzio. Wavu wa dukani nani anautupa baada ya wiki nne? Mtu ameununua kwa hela yake, atautumia mpaka ukatike.

Halafu kuna jambo la sabuni, na hapa ndipo ninapokasirika.

Kiwango kinachoandikwa kwenye vitabu vya misaada ni gramu 250 za sabuni ya kuogea kwa mtu mmoja kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30: gramu nane na kidogo kwa siku. Kwa hizo gramu nane unaoga, unanawa ukitoka chooni, unanawa kabla ya kula, na mama mwenye mtoto ananawa tena na tena. Hapo nimehesabu kiwango cha kitabuni. Kila mwenye kadi anajua siku ya mgao mkono wake unapokea nini, na miezi gani haupokei kitu. Sasa chukua kipande cha sabuni, kisugue moja kwa moja kwenye ngozi, uone kinavyoyeyuka. Chukua kipande hicho hicho, kisugue mara mbili kwenye dodoki lililoloa: povu linajaa mikononi, linatosha mwili mzima na mtoto wa pembeni. Zile nyuzi zinakamata hewa na maji, ndiyo kazi yake. Na hata sabuni ikiwa imeisha kabisa, dodoki na maji matupu linatoa nongo. Halitoi vijidudu vya mikononi kama sabuni inavyofanya, sisemi hivyo. Lakini nongo ya shingoni, vumbi jekundu la kifundo cha mguu, jasho la kubeba kuni, hivyo vinatoka. Mtu analala mwepesi.

Wavu wa nailoni nao unatoa povu, mtaniambia. Unatoa, tena jingi. Ila haumei.

Tena tuongee juu ya nailoni yenyewe, maana bango linaipa alama ya kijani kama vile imepimwa. Huko Japani, tangu miaka ya 1980, madaktari wa ngozi wameandika kuhusu watu waliojisugua miaka mingi kwa taulo za nailoni wakapata weusi kwenye mifupa ya bega, shingoni na mgongoni. Hawakuwa wachafu, walikuwa wanasugua mno. Sisemi wavu wa bluu utakufanya hivyo kesho. Ninasema kitu chochote kikali kinaweza kuumiza, dodoki nalo likiwemo, na hiyo alama ya kijani haikuuliza.

Pia nchi hii tunamoishi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, kwa sababu mifereji na mashamba yalikuwa yamejaa. Halafu nyavu za plastiki zinaletwa kambini, kila mmoja ndani ya kifuko chake cha plastiki. Zikichakaa zitaenda wapi? Shimo la taka, kisha moto, kisha moshi kwenye nyumba za jirani wa shimo. Dodoki likichakaa unalitupa shambani linaoza, kuku wanalichakura.

Lakini kilichoniuma zaidi si karatasi ya ukutani. Ni uzio wa mama mmoja wa kijiji cha pili kutoka kwetu. Mjane, umri umeenda, magoti hayampeleki tena kutafuta kuni. Alikuwa na midodoki mitano kwenye uzio wake. Kila mavuno anapata madodoki ya kuuza, anakata kila moja vipande vitatu, anatoboa tundu, anafunga kamba ya mgomba, anapanga juu ya gunia. Hela yake ya chumvi, ya mafuta ya taa, ya daftari la mjukuu. Baada ya ule uhamasishaji wakaja vijana wa kamati ya usafi, wakamwambia mimea inayotambaa inaficha nyoka na mbu, wakaing'oa yote, na maua yake. Akawaambia: "Miye niko najisugua na hii tangu Fizi, na ngozi yangu ni hii, muiangalie." Hawakuiangalia. Maboga ya jirani hayakung'olewa, na maboga yanatambaa chini kabisa, nyoka akitaka kujificha atachagua boga.

Mnaofanya kazi kwenye mashirika, ndugu zangu, mnapenda neno kujitegemea. Liko kwenye kila semina, mpaka soda ya semina ina ladha ya kujitegemea. Kujitegemea ndio huku. Mbegu ya bure, uzio uliopo, maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa kwenye shina, na mwisho kuna kitu cha kula, cha kuogea na cha kuuza. Mlipouona mkaung'oa.

Sasa niwageukie wenzangu, maana si wageni tu wanaolikosea dodoki.

Dada wauza mkorogo, nyie ndio wabaya wangu. Najua mnavyowashauri wasichana: jisugue kwanza na dodoki mpaka ngozi iwake, halafu paka, dawa iingie vizuri. Kuingia inaingia! Ngozi ni ukuta, ukishaukwangua kila kitu kinapita. Kwenye baadhi ya hayo makopo mna zebaki, na zebaki inaharibu figo. Mna haidrokwinoni, ambayo ukiitumia muda mrefu inaweza kukuachia madoa ya bluu-nyeusi usoni yasiyotoka. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo, nyie mnaviuza chini ya meza. Dodoki kazi yake ni kutoa ngozi iliyokufa ili uliyozaliwa nayo ionekane. Msilifanye mlango wa kuingizia sumu.

Na nyie mnaosugua upele. Upele wa kuwasha usiku, wa katikati ya vidole na kiunoni, unaletwa na mdudu mdogo anayechimba ndani ya ngozi. Humfikii kwa dodoki hata usugue mpaka damu. Unachofanya ni kufungua vidonda, na kidonda kinaingia usaha, na ukimpa ndugu yako dodoki hilo hilo umempa na balaa lako. Nenda zahanati, upewe dawa ya kupaka, na nyumba nzima mpake siku moja, hata asiyejikuna. Nguo na mashuka mfue kwa maji ya moto, yakauke juani. Dodoki la nyumba yenye upele lichomwe. Hapo nipo pamoja na bango, X kubwa kabisa.

Mtoto mchanga asisuguliwe na dodoki. Uso usisuguliwe. Mwenye ukurutu aliache. Kila mtu na lake; hii tabia ya dodoki moja la ukoo mzima lililoning'inia bafuni tangu Krismasi ndiyo iliyotuletea bango. Na kusugua si kukwangua sufuria. Mama zetu ziwani kule Baraka walitusugua kwa nguvu, tulilia, lakini walijua kuliloweka kwanza mpaka lilainike, na walijua kuanzia miguuni kwenye magaga ndipo wapande mgongoni kwa mkono mwepesi. Hayo ni maarifa. Mtu anaweza kuyafundisha kwenye kikao cha usafi kwa dakika kumi, na bado muda ukabaki wa soda.

Vijana mnaosema dodoki ni la kishamba, kwenu sina maneno mengi. Wazungu mnaowaiga wanalinunua kwenye maduka ya urembo, limefungwa utepe.

Kuna jambo ambalo bango haligusi kabisa, nalo ni maji. Kiwango kinachotajwa kwa kambi ya muda mrefu ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu saba ni lita 140, madumu saba. Nani katika zoni yetu aliyerudi na madumu saba jana? Mwanamke wa kwenye picha povu limemfika mabegani. Nimemtazama sana nikajiuliza atalitoa kwa maji gani. Mtu anayeamka saa tisa usiku kupanga ndoo ajue kama leo ataoga au atapika, huyo humwambii "oga kisasa." Anajua kuoga. Alioga kabla hamjaja na alioga msituni akikimbia, kwa majani na maji ya mto, kwa sababu hakutaka kufika mpakani ananuka.

Ninachoomba ni kidogo. Chora bango upya. Dodoki libaki, ondoa X, liweke kwenye kamba, na juu yake chora jua. Andika: kila mtu na lake, likauke nje, litupwe likinuka. Mwambie yule kijana mpole aje na chupa ya klorini atuonyeshe kipimo. Na kamati ya usafi ikapande tena midodoki kwa yule mama, mitano kama ilivyokuwa, waitengenezee na uchaguo ulioinuka, nyoka wakose kisingizio.

Mbegu zangu za mwaka huu nimezitunza kwenye chupa, nyeusi, kavu. Anayetaka aje kabla ya mvua za kwanza, na kikaratasi cha kufungia. Aziloweke usiku mmoja kabla ya kupanda, ganda lake ni gumu.